Safari ya ghafla Mlima Kenya: Yanayofaa kuzingatiwa na wakazi wa Meru na Embu

LIKIZO fupi inapojitokeza bila kutarajiwa, fikira za wengi hukimbilia pwani au visiwa vya mbali vilivyotokana na volkeno, kama vile Ngazija katika Komoro na Tenerife ya Uhispania. Mkazi wa Meru au Embu hana haja ya kuvuka bahari. Volkeno kongwe imesimama nyuma ya nyumba yake, nayo ni ndefu kuliko milima ya visiwa hivyo. Karthala, mlima wa Ngazija, una mita 2,361, na Teide wa Tenerife mita 3,715. Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kina mita 4,985.

Ukaribu huo ndio unaohadaa. Mtu anaweza kunywa chai nyumbani asubuhi na kulala usiku huohuo mahali penye kimo cha mita 3,000. Mwili haubadiliki kwa kasi ya gari, na hapo ndipo safari iliyopangwa kwa pupa hugeuka kuwa hatari.

Asili ya mlima

Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara na Waembu Kirinyaa, ulijengwa na volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Inakadiriwa kwamba enzi hizo ulipita mita 6,000. Barafu na mvua viliula mlima huo hadi kreta yake ikatoweka. Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, ni masalio ya mwamba ulioganda katika koo la volkeno hiyo. Vilele hivyo viwili huhitaji ujuzi wa kukwea miamba kwa kamba. Lenana hufikiwa kwa miguu.

Eneo hilo lilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1997 likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Njia mbili za karibu

Kwa anayetoka Embu, barabara ya lami inayoelekea Meru hupitia Runyenjes na Chuka kabla ya kuchepukia Chogoria, katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Kutoka mjini humo hadi lango la mbuga ni takriban kilomita 30 za barabara ya msituni, ambayo mvua ikinyesha hushindwa na magari ya kawaida. Njia ya Chogoria husifiwa kwa mandhari yake: maporomoko ya maji, Ziwa Ellis, na Ziwa Michaelson lililo chini ya magenge marefu.

Anayetoka mjini Meru anaweza kushika barabara ya Timau na kuingia kwa lango la Sirimon, ambalo njia yake huchepuka kabla ya kufika Nanyuki. Upande huo wa kaskazini hupata mvua kidogo kuliko upande wa mashariki, unaopokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Kwa safari ya ghafla, Sirimon huwa na uhakika zaidi wa njia kavu.

Majira bora ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Hata majira hayo, jua huwaka asubuhi na mawingu hufunika vilele kufikia adhuhuri, na usiku maji huganda. Hii ndiyo sababu wapandaji huondoka kambi ya mwisho saa tisa za usiku ili wawe Lenana jua linapochomoza.

Siku zisipunguzwe

Karibu na mita 5,000, kila pumzi huingiza takriban nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba, baada ya kupita mita 3,000, mtu asilale mahali palipozidi alipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi.

Kwa njia ya Sirimon, kituo cha Old Moses kiko takriban mita 3,300 na kambi ya Shipton takriban mita 4,200. Tofauti hiyo ya mita 900 yaonyesha kwamba ratiba ya siku tatu, inayopendwa na wenye haraka, inavuka kipimo hicho. Usiku mmoja wa ziada kabla ya kwenda Shipton ni kinga kubwa. Mpango wa siku tano kwa jumla ndio wa busara.

Kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo. Mgonjwa asipande zaidi mpaka zitulie. Akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hali ameketi, maji yameanza kujaa ubongoni au mapafuni. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Kuishi Meru au Embu, miji iliyo kati ya mita 1,300 na 1,600, hakumkingi mtu na maradhi haya, wala ujana na nguvu.

Kabla ya kuondoka

Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hulipwa kwa mtandao wa eCitizen. Viwango hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni, hivyo vithibitishwe kabla ya safari. Raia abebe kitambulisho. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga tangu Juni 5, 2020.

Haifai mtu kupanda peke yake. Waelekezi na wapagazi hupatikana Chogoria na Nanyuki. Malipo yaafikiwe kabla ya kuondoka, na ihakikishwe kwamba mpagazi naye ana koti na viatu vya baridi. Mizigo ya lazima ni mfuko mzito wa kulalia, glavu, koti la mvua, kurunzi ya kichwani na miwani ya jua.

Mwenye siku mbili tu aache Lenana. Alale katika vibanda vilivyo karibu na lango la Chogoria, atembee hadi Ziwa Ellis asubuhi, kisha arejee kabla ya mawingu kushuka.