Safari kama Ushahidi: Ziara, Sherehe na Undugu katika Desemba ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanajadili safari za mwisho wa mwaka za Wachaga wanaorudi kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, mkoani Kilimanjaro kwa ajili ya ubatizo, kipaimara, ndoa, jubilei za wazazi na kumbukumbu za marehemu. Hoja kuu ni kwamba safari ni sehemu ya sherehe yenyewe, kwa sababu anayefika ndiye anayekuwa shahidi, na undugu usio na mashahidi ni vigumu kuudai au kuutetea. Makala yanaeleza chimbuko la desturi hii, yanachambua kazi inayofanywa na ziara nyumbani, yanatazama nafasi ya wanawake na ya marafiki, kisha yanapima hoja za wanaoiona kuwa ufujaji.

Utangulizi

Desemba inapokaribia, tiketi za mabasi ya Moshi, Rombo na Arusha huanza kuadimika katika kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam. Magari binafsi huungana na mabasi katika barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe na Same, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imesimama kwa miaka zaidi ya ishirini, ilirejeshwa Desemba 2019, mwezi ambao abiria wa njia hiyo ni wengi kuliko mwingine wowote. Watani wa Wachaga husema hao wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo umezoeleka mno, na pengine ndiyo sababu jambo lenyewe halijachukuliwa kwa uzito unaolistahili.

Anayelitazama jambo hili kwa jicho la uchumi huona fedha nyingi zikitumika kwa siku chache. Anayelitazama kwa jicho la burudani huona likizo. Mitazamo yote miwili inaanza na dhana moja: kwamba familia ipo tayari, imekamilika, na ziara huja baadaye kuipamba. Makala haya yanaigeuza dhana hiyo. Familia iliyotawanyika kati ya Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na ng'ambo haiwi familia kwa damu peke yake. Inahitaji watu waonane, wale pamoja, wasuluhishwe na wajue nani amezaliwa, nani ameoa na nani amezikwa wapi.

Kihamba, shule na chimbuko la safari

Ni rahisi kuiita safari ya Desemba mila ya mababu. Historia inasema vinginevyo. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, miti ya kivuli na mifugo ya zizini, na baadaye kahawa, ni cha kale. Mfumo wake wa kilimo mseto unaheshimiwa hata nje ya nchi: mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu kuwa eneo la urithi wa kilimo. Lakini kurudi kihambani kila Krismasi kunahitaji kwanza watu wawe wameondoka, na walioondoka kwa wingi ni wa karne ya ishirini.

Sababu za kuondoka zinafahamika. Wamisheni walileta kahawa na shule. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU. Fedha ya kahawa ililipa karo, na karo ikatoa walimu, makarani, mafundi na wafanyabiashara ambao ajira yao haikuwa mlimani. Wakati huohuo ardhi ilizidi kuwa finyu. Kwa desturi, kitinda mimba ndiye aliyebaki katika nyumba ya baba na kurithi kihamba chake, mtoto wa kwanza wa kiume alitengewa sehemu yake mapema, na wa katikati mara nyingi walilazimika kutafuta pengine. Kwa hiyo kijana aliyeshuka kwenda mjini hakuwa akiikimbia mila. Utaratibu uleule wa urithi uliomlea ndio uliomtoa.

Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, alionyesha jinsi kile kinachoitwa mila kilivyokuwa kikitengenezwa upya kila mara chini ya shinikizo la kahawa, mahakama na uhaba wa ardhi. Safari ya Desemba inafaa kusomwa hivyo. Ni jibu walilolibuni watu kwa tatizo jipya: namna ya kubaki wa ukoo mmoja wakati ardhi haiwezi tena kuwaweka wote mahali pamoja. Kalenda ya Kanisa na likizo ya shule viliwapa tarehe, na barabara ikawapa njia. Maudhui wakayaweka wenyewe.

Kazi ya ziara

Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha mwaka 1909, alieleza kuwa sherehe za mpito humtenga mtu, humweka kizingitini, kisha humwingiza katika hadhi mpya. Mkazo wake ulikuwa kwa yule anayevuka: mtoto, bwana harusi, marehemu. Kilimanjaro inatulazimu kuupanua mtazamo huo. Mtoto anapobatizwa Marangu au Kibosho, ni kweli anaingizwa katika Kanisa na ukoo. Lakini baba yake mdogo aliyekuja kutoka Mbeya naye anaingizwa upya, maana alikuwa ametengwa na umbali.

Maandalizi yenyewe yanaonyesha hivyo. Chukua mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichache. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, hupikwa uji, na uji huo huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Gome la msesewa huongezwa ili kuleta ule uchungu wake. Kazi hiyo haiharakishwi kwa fedha, na pombe ikishaiva haisubiri. Ndiyo sababu mama anayeipika lazima ajue wageni wanafika lini. Simu inayopigwa kutoka mjini wiki mbili kabla, kwamba mwaka huu tunakuja, huanzisha kazi jikoni, na anayeghairi safari anaiacha kazi hiyo bila mwenyewe.

Nyama nayo ina somo. Katika mkutano wa ukoo, mbuzi hagawiwi kwa kilo. Vipande hufuata daraja la undugu na umri: wazee wana fungu lao, wajomba lao, wanawake waliozaliwa katika ukoo lao. Kijana anayetazama ugawaji huo mara moja anaielewa ramani ya ukoo wake zaidi kuliko kama angeandikiwa kurasa kadhaa. Fungu likiitwa na mwenyewe hayupo, lazima mtu aeleze yuko wapi na ana nini, na hapo habari za ugonjwa, kufukuzwa kazi au ugomvi hutoka hadharani na kutafutiwa njia.

Kazi ya tatu ni ya mipaka na mapatano. Mimea ya masale hupandwa kuwa alama ya mipaka ya vihamba na huonekana makaburini. Jani la isale pia ndilo la kuombea msamaha: anayelipeleka kwa aliyemkosea anatambua kosa lake, na mila inamtaka anayelipokea asikatae kusikiliza. Jani hilo halitumwi kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, mchango wa sherehe unaweza kufika Rombo kabla mtumaji hajamaliza chai yake Kariakoo. Ni msaada mkubwa, na hakuna sababu ya kuubeza. Lakini fedha iliyotumwa haioneshwi mpaka wa shamba na haishuhudii mahari ikipokelewa. Wala haiwezi kusimama baadaye mbele ya baraza la ukoo na kusema nilikuwapo, nilisikia baba akimpa mdogo wangu sehemu ile ya chini. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika mirathi ya Kilimanjaro kauli hiyo ina maana ya moja kwa moja.

Wanawake na nyumba mbili

Maelezo mengi ya safari ya Desemba humtazama mwanamume anayerudi kwa baba yake. Hapo simulizi hukosa nusu ya ukweli. Mke anasafiri kwenda kwa wakwe, na huko mara nyingi ndiye anayebeba kazi kubwa zaidi: kupika, kuosha vyombo, kupokea wageni wa mumewe. Kwao huenda akafika siku moja au mbili, baada ya Krismasi, kabla ya safari ya kurudi. Ukoo unaomhesabu mume ni uleule unaomtumikisha mke.

Hata hivyo, hizo siku mbili za kwao ndizo zinazounganisha koo. Kihamba kinamfunga mwanamume katika ukoo mmoja, ilhali ziara ya mwanamke hupita katikati ya koo mbili na kuwafanya watoto wawe na wajomba kwa vitendo. Nguvu yake huonekana zaidi anapojifungua. Mama yake mzazi au mama mkwe hufunga safari, hata kama ni kushuka mlimani hadi Dar es Salaam, kwenda kumtunza mzazi kwa miezi kadhaa. Humpikia mtori na kitawa, humwogesha mtoto, na majirani huja kumwona wakiwa na sabuni, sukari na khanga. Safari hii ya bibi inaelekea upande wa pili: nyumbani kunamfuata aliyeondoka. Mtafiti anayehesabu mabasi ya Desemba tu hataiona, ilhali bila safari za namna hiyo za mwaka mzima Desemba ingekuwa tupu.

Marafiki katika msafara

Sherehe za siku hizi hazibebwi na ndugu peke yao. Harusi ya binti anayefanya kazi mjini huandaliwa na kamati ya marafiki, wafanyakazi wenzake, waumini wenzake na majirani. Vikao hufanyika, kadi za mchango husambazwa, na sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti, ikiwa ni ya nyumbani, kamati hukodi basi dogo la Coaster na kupanda mlima pamoja. Ndani ya gari hilo huwa kuna Mndengereko, Mhaya, Mpemba. Wengi wao hawajawahi kuona kijiji cha rafiki yao.

Wanapofika hutambulishwa kwa wazee mmoja mmoja: jina, anakotoka, wamefahamiana wapi. Utambulisho huo unaubadilisha urafiki. Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mchango wa fedha hufuata kanuni hiyo kwa urahisi, maana daftari la kamati linaonyesha nani alitoa kiasi gani. Safari hailipiki namna hiyo. Aliyelala barabarani kwa ajili ya mama wa mwenzake amejenga deni ambalo litaitwa siku ya msiba Songea au Kigoma, na anayedaiwa hujua kwamba atapaswa kwenda mwenyewe. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, misafara hii ya harusi na misiba imefanya kazi ya kuunganisha raia ambayo hotuba haziwezi kuifanya, kwa sababu imewapitisha watu katika majiko na makaburi ya wenzao.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba safari hizi zimegeuka mashindano. Hoja yao ina ukweli na haifai kupuuzwa. Migombani zimesimama nyumba kubwa ambamo mwaka mzima hukaa mzee mmoja na msaidizi wake. Michango ya harusi huwaingiza wafanyakazi wa kipato cha chini katika madeni. Lililo baya zaidi, yupo kijana asiye na ajira anayebaki mjini Desemba yote akiogopa kuonekana hana kitu. Huyo ndiye anayeihitaji ziara kuliko wote, na ndiye anayefungiwa mlango.

Lakini ikiwa hoja ya makala haya ni sahihi, ufujaji huo unakwenda kinyume na sababu ya safari yenyewe. Thamani ya ziara ni ushahidi, na ushahidi hauongezeki kwa ukubwa wa gari. Aliyekuja kwa treni akiwa na kilo mbili za sukari ameshuhudia ubatizo sawasawa na aliyekuja na msafara wa magari matatu. Methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone haikutaja mzigo wa mgeni. Kwa hiyo tiba si kuacha kusafiri. Tiba ni kurudisha kipimo mahali pake, na hilo ni jukumu la wazee wa koo, wachungaji na mapadre, pamoja na wale waliofanikiwa, ambao wakipunguza maonyesho wengine watapata nafasi ya kupumua.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba safari za kifamilia za Desemba ni kazi ya kuudumisha undugu, iliyobuniwa na watu wa karne ya ishirini ili kukabili uhaba wa ardhi na kutawanyika kwa ajira. Hoja hiyo ina matokeo ya vitendo. Kwanza, koo zinazokutana zitumie siku moja kuandika nasaba na mipaka mbele ya wote, wanawake wakiwemo, kwa kuwa kizazi cha mashahidi wanaozikumbuka bila kuandika kinapungua. Pili, familia zigawe ziara katika mwaka. Mzee anayejaza nyumba Desemba na kukaa peke yake hadi Desemba nyingine hajatunzwa. Ziara ya siku tatu mwezi Julai, isiyo na sherehe, huenda ikamfaa zaidi. Tatu, zamu za Krismasi kati ya kwa mume na kwa mke zipangwe kwa haki, maana ndoa imeunganisha koo mbili na zote zinadai mashahidi. Nne, koo na kamati za harusi zitenge nauli ya wasio na uwezo kabla ya kutenga fedha za mapambo. Nauli ya kijana mmoja aliyebaki mjini kwa aibu inaujenga ukoo zaidi kuliko maua ya ukumbi, kwa kuwa inamrudisha mtu ambaye kesho atahitajika kusema aliyoyaona.