Sanamu Ndogo na Chombo Kilichopotea

Mazungumzo yetu ya leo yahusu kazi moja ya mikono, nayo ni kuunda vyombo vya tanga vidogo vya mti kwa kujifurahisha. Labda mtu akaaye Lushoto, au Soni, au Mlalo, atauliza: “Sisi tu watu wa milimani, vyombo vya bahari vyatuhusu nini?” Swali hilo ni la haki. Tutalijibu kwanza, kisha tutaeleza jinsi kazi hii, ambayo wengi waiona kuwa mchezo wa watoto, ilivyookoa sehemu ya historia yetu isipotee kabisa.

Mji wa Lushoto uko juu ya bahari kama futi 4,500, na mtu asimamaye hapo haoni maji ya chumvi. Lakini habari za Usambara na habari za bahari zimefungamana tangu zamani. Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Vuga mpaka alipofariki mwaka wa 1862, alikuwa na nguvu zilizofika hata pwani. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika kwake mara mbili: mwaka wa 1848 alitoka Mombasa kwa miguu, na mwaka wa 1852 alipitia Pangani. Baadaye Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini ya mlima, kando ya njia ya misafara. Kwa nini aliacha baridi ya mlimani akakaa katika joto la bondeni? Kwa sababu njiani ndiko kulikopita nguo, baruti na bunduki. Na vitu hivyo vyote vilifikaje pwani? Vilibebwa na vyombo vya tanga. Hata nguo iliyoitwa merikani, iliyovaliwa milimani, ilikuwa imekwisha vuka bahari kubwa kabla ya kupandishwa mlimani kichwani pa mpagazi.

Mbao za Usambara nazo ziliteremka kuielekea bahari. Kabla ya vita ya 1914, miti ya Shume ilishushwa kwa kamba za chuma zilizotundikwa hewani, kutoka juu mlimani mpaka Mkumbara penye reli, na njia hiyo ya reli yaenda hata bandari ya Tanga. Basi mtu wa milimani asiseme kwamba vyombo havimhusu. Jahazi lilikuwa mlango wa nyumba yake, ijapokuwa mlango huo ulikuwa mbali.

Sasa tutazame vyombo vidogo vyenyewe. Katika pwani yetu yote, tangu Lamu mpaka Kilwa, watoto wa kiume huchonga ngalawa na mashua ndogo kwa mti mwepesi, wakazitweka tanga la kitambaa kibovu, wakazishindanisha maji yakupwapo. Mtoto aliyekosea kupima mlingoti huona chombo chake kikipinduka, na aliyeweka uzito mahali pake huona chake kikikata maji. Hivyo hujifunza, bila kuchapwa wala kukaripiwa, mambo ambayo baba yake huyatumia katika chombo kikubwa. Watu wazima nao huunda. Fundi aliyezeeka, asiyeweza tena kushika tezo siku nzima juani, huketi barazani akaunda jahazi la kushikwa mkononi, lenye mkuku wake na mataruma yake na usukani wake.

Desturi hii si ya kwetu tu. Katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri, lililofunguliwa mwaka wa 1922, vilikutwa vyombo vidogo 35. Viliwekwa pamoja naye ili vimfae katika safari za baada ya kufa; lakini leo vyatusaidia sisi tulio hai, kwa maana vyatuonyesha jinsi Wamisri wa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita walivyofunga kamba na kupanga makasia. Kadhalika, katika vita vya Uingereza na Ufaransa vilivyokwisha mwaka wa 1815, wafungwa wa Kifaransa waliowekwa Uingereza walikusanya mifupa ya nyama waliyopewa kula, wakaichonga kuwa manowari ndogo nzuri ajabu, wakaziuza. Walitaka kupitisha siku ndefu za kifungo na kupata senti kidogo. Hawakujua kwamba kazi yao ingetunzwa katika majumba ya makumbusho miaka mia mbili baadaye.

Hapo ndipo lilipo neno letu la leo. Mwenye kuunda chombo kidogo huunda kwa haja yake mwenyewe, lakini mara nyingi hutunza asichokusudia kutunza. Mfano ulio mkubwa kuliko yote katika pwani yetu ni mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha bahari kilichoshonwa. Hatusemi “kilichoshonwa” kwa fumbo. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma hata mmoja. Zilitobolewa matundu kwa keekee, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kama mshonaji ashonavyo nguo, na katikati ya mbao zikatiwa usumba ili kuzuia maji. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, si la pembe tatu kama la jahazi, nalo lilikuwa mkeka uliosukwa kwa miyaa. Omo yake ilitokeza mbele kama shingo ndefu, na watu walisema yafanana na kichwa cha ngamia. Nayo ilichorwa macho, kana kwamba chombo chaona njia yake. Mitepe iliundwa hasa na Wabajuni katika visiwa vya Lamu, kwa mfano huko Faza katika kisiwa cha Pate. Ilipakia boriti za mikoko na bidhaa nyingine, ikateremka kwa kaskazi mpaka Mombasa na Unguja, ikarudi kwa kusi.

Ufundi huu ni wa kale mno. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo ili kuwaongoza wafanya biashara wa bahari hii, chataja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na chasema kwamba jina hilo latokana na vyombo vilivyoshonwa. Tena Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka wa 1498 waliona vyombo vikubwa visivyo na misumari, mbao zimefungwa kwa kamba, na matanga ni mikeka. Basi kwa muda wa miaka zaidi ya 1,400 kati ya habari hizi mbili, kushona vyombo hakukukoma.

Watu wengine hudhani kwamba kushona kulikuwa ujinga wa watu wasiokuwa na chuma. Sivyo. Chuma kilifuliwa katika Afrika ya Mashariki tangu kale, na Wasambaa wenyewe walikuwa na wahunzi. Lakini msumari huota kutu katika maji ya chumvi, na bei yake ni ghali. Mnazi humea mlangoni pa fundi. Tena chombo kilichoshonwa hunepa. Kikipwelewa juu ya mchanga, au kikipigwa na wimbi penye mwamba, mbao zake hulegea kidogo kisha hurudi mahali pake, ambapo kile cha misumari hupasuka. Ila hasara zake zilikuwako pia. Mtepe ulivuja, na mabaharia hawakupumzika kufua maji ya ngama. Kamba nazo zilioza, zikapasa kufunguliwa na kushonwa upya.

Kwa sababu hizo majahazi ya misumari, yenye kupakia zaidi na kuvuja kidogo, yaliushinda mtepe. Misumari ya kiwandani ilipokuwa rahisi, na meli za moshi zilipochukua shehena kubwa, wenye mali hawakutaka tena kulipa mafundi wa kushona. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imebaki michache. Baadaye ilikwisha. Hapana hata mmoja wa zamani uliobaki, maana mti na kamba za makumbi havidumu kama mawe ya Gedi au Kilwa. Na mafundi hawakuandika kitabu. Elimu yao ilikuwa katika vidole vyao, na kila mzee alipozikwa, sehemu ya elimu hiyo ilizikwa pamoja naye.

Basi twaujuaje mtepe? Twaujua kwa picha chache, kwa maandiko ya watu kama James Hornell, Mwingereza aliyeandika makala juu yake mwaka wa 1941, na kwa sanamu ndogo zilizoundwa na mikono ya watu wa pwani na kutunzwa katika majumba ya makumbusho. Picha huonyesha upande mmoja tu. Maandiko husimulia kile ambacho mwandishi alipata kukiuliza. Lakini sanamu yaweza kugeuzwa, ikatazamwa omo na tezi, juu na chini. Na macho ya fundi huona humo mambo ambayo mwandishi hakuyaona: mbao ngapi, zimepinda wapi, mlingoti umesimama mahali gani, kamba ya tanga yafungwa wapi.

Mwaka wa 2003 mafundi waliunda mtepe mpya huko Unguja, ukawekwa ndani ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka wa 1883. Watu waliokuwa wamesikia jina tu wakaweza kukiona chombo chenyewe, na kuzihesabu nyuzi zake kwa vidole.

Lakini haifai tuisifu sanamu kupita kiasi. Sanamu haivuji, wala haisukwi na dhoruba. Haikuambii ni kamba ya unene gani itakayostahimili safari, wala mlio wa mbao baharini usiku, wala muda wa kushona upya. Aundaye sanamu aweza pia kukosea, akarefusha mlingoti kwa kuwa wapendeza macho. Kwa hiyo sanamu yataka mzee wa kuifasiri, na mzee ataka sanamu ya kumkumbusha. Vikikutana viwili hivyo, elimu hurudi. Kikikosekana kimoja, twabaki na nusu ya habari.

Tena liko jambo jingine la kutuonya. Tarehe 25 Desemba mwaka wa 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib ilianguka, na watu wawili wakafa. Hata jumba la mfalme, lenye kuta nene na nguzo za chuma, haliwezi kuahidi kutunza vitu milele. Waswahili husema kwamba akiba haiozi; lakini akiba iliyowekwa mahali pamoja yaweza kuangamia siku moja. Njia iliyo salama zaidi ni kitu kiwe katika mikono mingi: hapa kimoja shuleni, pale kimoja nyumbani kwa seremala, na kingine katika sanduku la mtoto.

Na hapa twarudi milimani. Kijana wa Lushoto atakaye kujaribu ana vyombo vya kutosha. Asikate mti katika msitu, maana misitu yetu imepungua, na kazi hii haihitaji gogo. Masalio yaliyotupwa chini ya meza ya seremala yatosha. Badala ya kamba za makumbi atumie nyuzi za katani, ambayo hulimwa chini ya milima yetu hii, akizisokota nyembamba. Achague kipimo asikiache: tuseme chombo kilikuwa cha futi 60, basi kila futi mbili ziwe inchi moja, naye atapata sanamu ya inchi 30. Mlingoti na tanga vipimwe vivyo hivyo, pasipo kubahatisha. Aanze na mkuku, kisha ashone mbao za ubavuni juu yake, moja baada ya moja, akitia nyuzi za katani katikati. Mataruma ayatie ndani baadaye, mbavu zikiisha kupanda. Atajichoma vidole, na ubao wa kwanza utapasuka. Lakini atakapomaliza atakuwa ameelewa kwa mikono yake jambo ambalo kurasa mia haziwezi kumfundisha.

Na asiyependa bahari aunde kitu cha kwao. Ziko nyumba za msonge ambazo wajukuu hawazijui. Iko mifereji ambayo wazee waliileta kutoka kijitoni mpaka mashambani, yenye hesabu na werevu wake. Iko mivuo ya wahunzi. Mtepe ulikuwa chombo chenye kujulikana pwani nzima, hata watu hawakudhani kwamba siku moja hautakuwapo; ndiyo sababu wachache tu walijisumbua kuuunda mdogo. Kitu kilicho mbele ya macho yetu kila siku ndicho tusichokitunza, na ndicho kipoteacho kwanza.

Basi, wasomaji wetu, hasa ninyi wanafunzi, mkipata wasaa baada ya kazi za shamba na masomo, mwendeeni mzee mmoja mwenye ufundi, mmwamkie kwa adabu, mmwombe awaonyeshe. Chukueni kisu na kipande cha ubao. Mzee akisema, “Hapana, haikuwa hivyo, ilipinda hivi,” andikeni neno hilo, mkarekebishe ubao. Hivyo ndivyo habari zihamavyo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, nasi twawatakia kazi njema.