Maji ya Korona

Aliyekulia Ngomeni au Hale, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanzania, huijua harufu ya korona kabla hajaiona mashine yenyewe ya kukamulia mkonge. Jani la mkonge likishakamuliwa, singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi na maji ya kijani yanayowasha ngozi, nayo kwa miaka mingi yalimwagwa tu.

Mmea wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na kila mtu alihesabu singa.

Ila mwaka 1951, huko Uingereza, wanakemia Callow, Cornforth na Spensley walikuwa wameonyesha kwamba takataka za mkonge zina kemikali iitwayo hekojenini. Kiunzi chake, pete nne za kaboni zilizoshikana, ndicho kiunzi cha kolesteroli na cha homoni zetu: estrojeni, testosteroni, kotisoni. Kampuni ya Glaxo ikaigeuza hekojenini ya Afrika Mashariki kuwa dawa za jamaa ya kotisoni. Homoni za uzazi nazo zilikwisha kupata mmea wao, kiazi mwitu cha Mexico.

Viwanda vilipozitengeneza kwa wingi, madaktari wakaingiwa na tamaa. Walijua kwamba maradhi ya moyo humfika mwanamke miaka kama 10 baada ya mwanamume, wakadhani kinga ni estrojeni. Basi si kuongeza tu? Marekani wakawapa estrojeni wanaume walionusurika shambulio la moyo. Jaribio likakatizwa miaka ya 1970 kwa madhara. Baadaye ikajulikana kwamba estrojeni huufanya utando wa ndani wa mshipa utoe nitriki oksaidi, mshipa ukalegea na damu ikapita. Mwaka 2002 likakatizwa jingine, la wanawake zaidi ya 16,000 waliokwisha kukoma hedhi, ambao nusu yao hivi walimeza estrojeni pamoja na projestini: kiharusi na damu kuganda vilizidi. Kumbe estrojeni ya kumeza hupitia ini kwanza, nalo huongeza vigandisha damu. Umri nao una neno: mshipa uliokwisha kukakamaa hauitiki kama ulio laini.

Na maji ya korona? Hale walijengewa mtambo wa kuyageuza, pamoja na makapi yake, kuwa gesi ya kuzalisha umeme.