Ada ya Mpira wa Watoto: Gharama na Thamani ya Klabu za Daraja la Juu Nchini Marekani

Katika nchi nyingi duniani mtoto hujifunza mpira wa miguu bila ya mzazi wake kuulizwa bei. Nchini Marekani mambo ni kinyume: tangu mtoto yungali na umri wa miaka minane au tisa, familia inayotamani acheze pamoja na walio hodari, mbele ya makocha wenye vyeti, sharti imwingize katika klabu ya daraja la juu na ilipe ada ambayo aghalabu huanzia dola 2,000 kwa mwaka na kupanda hata kupita 5,000, na baada ya ada hiyo igharimie jezi, nauli za ndege, hoteli za mwisho wa juma, mafunzo ya faragha na picha za video za kupelekewa makocha wa vyuo vikuu, hata jumla ya mwaka mmoja katika nyumba nyingine ikakaribia dola 10,000. Taasisi ya Aspen, ambayo kwa miaka mingi imeichunguza michezo ya vijana nchini humo, ilikuta kwamba mwaka 2024 familia yenye mtoto mwanamichezo ilitumia kwa wastani dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, nalo ni ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Kwa hiyo tunaowazungumzia hapa ni wazazi wanaolipa mara tano, hata mara kumi, ya kile wanacholipa wenzao. Sitauliza kama fedha hizo ni nyingi, kwa kuwa wingi hupimwa kwa mfuko wa mtoaji. Nitauliza kinunuliwacho ni kitu gani, na kama ndicho hasa mzazi anachodhani amekinunua.

Hali hii haikuzuka kwa ubaya wa mtu. Shirika la mpira wa watoto la AYSO lilipoanzishwa Torrance, California, mwaka 1964, msingi wake mmojawapo ulikuwa kwamba kila mtoto acheze, na makocha wake walikuwa wazazi wenyewe wakijitolea baada ya saa za kazi. Pelé alipokwenda kuichezea Cosmos ya New York mwaka 1975, mchezo ukaenea kwa kasi katika vitongoji vya watu wenye nafasi, ambako viwanja vya nyasi vilikuwa vingi na kila nyumba ilikuwa na gari. Walakini ligi aliyoichezea ilikufa baada ya msimu wa 1984, na mpaka ligi ya kulipwa ya MLS ilipoanza mwaka 1996 nchi hiyo haikuwa na klabu kubwa za wachezaji wa kulipwa zenye uwezo wa kulea watoto kama Ajax inavyowalea wake kule Amsterdam. Pengo hilo lilijazwa na wazazi. Waliotaka mafundisho yaliyozidi elimu ya baba wa kujitolea walichangishana fedha, wakaajiri kocha, wakachagua watoto kwa majaribio. Kisha juu ya klabu hizo zikajengwa ligi za taifa zima, kama Akademia ya Maendeleo ya shirikisho la soka iliyoanza 2007 na kufungwa Aprili 2020, ECNL iliyoanzishwa kwa ajili ya wasichana mwaka 2009, na MLS NEXT iliyoshika nafasi ya ile akademia. Katika nchi yenye upana ule ligi ya taifa haiendeshwi bila ya ndege, na nauli ya mtoto wa miaka kumi na mitatu hulipwa na mzazi wake.

Ipo sababu nyingine, kubwa kuliko hizi kwa maoni yangu, ingawa haizungumzwi sana majumbani, nayo ni ya kisheria. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zimeagiza kwamba mchezaji akiuzwa ng'ambo kabla ya mkataba wake kwisha, hadi asilimia 5 ya bei yake igawiwe klabu zote zilizomlea baina ya umri wa miaka 12 na 23, na kwamba klabu inayompa kijana mkataba wake wa kwanza wa kazi ilipe fidia kwa waliomfunza. Ndiyo maana klabu ndogo ya kando ya Paris, kama AS Bondy alikoanzia Kylian Mbappé, inayo haki ya kutazamia kwamba siku moja malezi yake yatarudi mlangoni kwake kwa sura ya fedha, hata kama baba wa mtoto hana kitu. Shirikisho la Marekani lilikataa kwa miaka mingi kuzitekeleza kanuni hizo ndani ya mipaka yake, likitoa hoja za sheria dhidi ya ukiritimba na za ajira ya watoto. Mchezaji DeAndre Yedlin alipouzwa kwa Tottenham ya London mwaka 2014, klabu ya Crossfire Premier ya jimbo la Washington, iliyomfunza utotoni, ilidai fungu lake, na dai hilo likazaa mzozo wa miaka. Mwaka 2019 MLS ilitangaza kwamba itaanza kudai haki hizo kwa ajili ya akademia zake yenyewe, nazo kwa sehemu kubwa hazimtozi mtoto ada. Lakini akademia hizo ni chache, na watoto ni mamilioni.

Matokeo yake ni dhahiri kwa kila mwenye kutafakari. Mlezi asiyekuwa na haki katika matunda ya malezi yake humgeukia mzazi kuwa ndiye mnunuzi wake wa pekee, na mwenye kuishi kwa fedha ya mzazi hana budi kuuza kile ambacho mzazi hukitamani: nembo ya ligi, cheo cha timu, orodha ya vyuo vikuu walikokwenda waliotangulia, safari za mbali zinazomthibitishia baba kwamba mwanawe yumo katika jambo kubwa. Mashindano mengi huzilazimisha timu zilale katika hoteli zilizoteuliwa na waandalizi, na familia hulipa bila ya kuuliza. Simlaumu kocha, ambaye naye ana watoto wa kulisha, na wengi miongoni mwao huifanya kazi yao kwa mapenzi ya kweli. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuwa mwamuzi mwadilifu wa kipaji cha mtoto ambaye kuondoka kwake kutampunguzia mshahara.

Habari za mchezaji Clint Dempsey zinaonyesha jinsi gharama hii inavyoingia ndani ya nyumba na kugawanya walio ndugu. Alikulia Nacogdoches, mji mdogo wa mashariki mwa Texas, katika familia isiyokuwa na mali, akajifunza mpira kwa kucheza na wahamiaji wa Kimeksiko. Na klabu ya Dallas Texans ilipomkubali, wazazi wake walimwendesha kwa gari mwendo wa saa tatu hivi kwenda na saa tatu kurudi. Dada yake Jennifer alikuwa hodari wa tenisi. Fedha hazikutosha michezo ya watoto wawili, na Clint akaiacha klabu ili dada yake aendelee. Mwaka 1995 Jennifer alifariki ghafla, akiwa na umri wa miaka 16. Baada ya msiba huo ndipo kaka alipopata njia ya kurudi Dallas. Mtoto huyo alikuja kuifungia timu ya taifa mabao 57, idadi ambayo ni yeye na Landon Donovan tu wanaoishiriki miongoni mwa wanaume wa Marekani, na akacheza Kombe la Dunia mara tatu. Wako wanaoyasimulia haya kuwa ni ushahidi kwamba bidii hushinda umaskini. Mimi nayasoma kwa huzuni, kwa sababu nayaona ndani yake mateso ya mama na baba waliolazimishwa kuchagua baina ya karama za watoto wao, katika taifa tajiri kuliko yote duniani, na nayaona pia majina ya wengine ambao barabara ya kwenda Dallas haikufunguka kwao mara ya pili, na ambao kwa hiyo hatutawajua kamwe.

Mzazi akiulizwa kwa nini analipa, aghalabu hujibu kwa kutaja ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Jawabu hili lastahili kupimwa kwa hesabu. Mpaka mwaka 2025 timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo, iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili usiozidi 9.9, na ya wanawake 14, na makocha waliugawa vipande vipande kwa wachezaji ishirini na zaidi, hata kijana aliyesemwa mtaani kuwa amepata ufadhili mara nyingi alikuwa amepata theluthi ya karo au pungufu. Kanuni mpya imeondoa kikomo hicho na badala yake kuweka kikomo cha wachezaji 28 kwa vyuo vilivyoikubali, lakini ruhusa ya kutoa haileti fedha ya kutoa. Kwa hesabu za NCAA yenyewe, wanamichezo wa sekondari wanaopata ufadhili wowote wa michezo ni kama wawili katika mia. Na katika timu za wanaume mtoto wa Marekani hushindana pia na vijana wa Ulaya na Afrika waliomzidi umri na uzoefu. Wasichana wana wasaa zaidi, kwa kuwa sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilizaa timu nyingi za wanawake. Basi tuchukue familia inayotoa dola 6,000 kila mwaka tangu mtoto ana miaka tisa hadi kumi na minane: imetoa dola 54,000, bila ya kuhesabu mafuta ya gari na siku za kazi zilizopotea. Fedha hiyo kama ingaliwekwa akiba ingalilipa sehemu kubwa ya karo ya chuo cha jimbo, kwa yakini, bila ya kungoja goti la mtoto lisalimike.

Nalo goti halisalimiki daima. Chama cha madaktari wa watoto nchini humo kilishauri mwaka 2016 kwamba mtoto asifungwe katika mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, na kwamba apumzike mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi mitatu kila mwaka. Ratiba za klabu hizi huchukua miezi kumi, na wasichana, ambao kano za magoti yao hukatika zaidi kuliko za wavulana, ndio wanaolipia pupa hiyo kwa miili yao. Mwaka huohuo Travis Dorsch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kadiri sehemu ya pato la familia inayotumika katika mchezo inavyozidi, ndivyo mtoto anavyoona shinikizo la wazazi limemzidia, na ndivyo furaha yake inavyopungua. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Mtoto huijua bei. Husikia mazungumzo ya usiku, huona likizo ya familia imeahirishwa, hujua kwamba mdogo wake hakununuliwa kinanda. Na akiingia uwanjani hubeba deni ambalo hakulikopa.

Haki yamtaka mwandishi akiri yaliyo mema, na mema yapo. Mafundisho ya klabu bora ni bora kwa hakika. Mtoto mwenye kipaji hukua haraka akiwa na walio sawa naye. Na timu ya taifa ya wanawake iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1991, 1999, 2015 na 2019 ilipata wachezaji wengi kutoka katika utaratibu huuhuu. Lakini Hope Solo, aliyekuwa mlinda mlango wa timu hiyo mwaka 2015, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba familia yake isingalimudu kumchezesha kama angekuwa mtoto katika zama hizi. Utaratibu unaojivunia matunda ambayo hauwezi tena kuyapanda umepungukiwa na hoja.

Kisha kuna mema ambayo hayahitaji bei hiyo. Lewiston, mji wa viwanda wa jimbo la Maine uliopokea Wasomali kwa maelfu tangu 2001, ulipata mwaka 2015 timu ya shule ya sekondari iliyojaa wana wa wakimbizi, wengi wao waliokulia katika kambi za Dadaab nchini Kenya, na timu hiyo ikaishinda Scarborough bao moja kwa bila, ikatwaa ubingwa wa jimbo. Hiyo ilikuwa timu ya shule ya umma. Na huko Clarkston, karibu na Atlanta, Luma Mufleh, mwanamke mwenye asili ya Jordan, alianza mwaka 2004 kukusanya watoto wa wakimbizi, wakiwamo Wakongo na Warundi, akawafundisha mpira bila ya ada na kuwashurutisha wahudhurie masomo ya ziada. Mpango wake ulizaa shule kamili. Kwa upande wa pili, Akademia ya Maendeleo ilipiga marufuku kuanzia msimu wa 2012 wachezaji wake kuzichezea shule zao, na hivyo ikamtoa mtoto katika timu ya majirani na walimu wake, ambako palikuwa hapana ada, ikampeleka mahali ambapo mzazi hulipa ili mwanawe atenganishwe na wenziwe. Naamini kwamba sehemu kubwa ya bei ya klabu hizi ni bei ya huo utengano, na utengano haumwongezei mtoto adabu wala urafiki.

Hukumu yangu ni kwamba mzazi atoe fedha ile tu ambayo angaliitoa hata kama ufadhili wa masomo na mikataba ya kazi visingalikuwapo kabisa duniani, maadamu furaha ya mtoto, afya yake na sahibu zake ndivyo pekee ambavyo klabu inaweza kuvitoa kwa hakika. Na shirikisho nalo lizitekeleze kanuni za malipo ya malezi kwa klabu zote, si za MLS pekee, ili mlezi apate mwenye kumlipa asiyekuwa mama wa mtoto. Nanyi ndugu zetu wasemao Kiswahili, mliotoka Kivu, Bujumbura, Mombasa au Kigoma mkafika Dallas, Louisville au Columbus, mkikaribishwa na klabu yenye jina kubwa, ombeni kwanza orodha ya gharama zote za mwaka kwa maandishi, ulizeni kama kuna punguzo kwa wasio na uwezo na ni watoto wangapi wamelipata, na kabla ya kutia sahihi nendeni mkazungumze na kocha wa timu ya shule anakosoma mtoto wenu.