Bia na vyakula vya pilipili

Kuoanisha bia na vyakula vya pilipili ni kuchagua bia ambayo ubaridi, utamu, uchungu na gesi yake hupatana na ukali wa chakula kinacholiwa pamoja nayo. Jijini Dar es Salaam jambo hili huonekana vizuri Upanga na mitaa ya jirani kuelekea Kisutu na Kariakoo, ambako mapishi ya Kihindi, ya pwani na ya bara yamekaa pamoja kwa miaka mingi, na ambako mishkaki, kuku wa tikka na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe ya kukaanga au kuchoma, huliwa kwa pilipili mbuzi au pilipili kichaa.

Pilipili ina asili ya Amerika na ilienezwa na Wareno katika karne ya 16. Ukali wake hutokana na kapsaisini, kemikali iliyojaa zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu, ambayo hunasa kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1. Kipokezi hicho, kilichotambuliwa mwaka 1997 na watafiti walioongozwa na David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, huamshwa pia na joto la takriban nyuzi 43 za selsiasi, na ndiyo maana mlaji huhisi kana kwamba ulimi unaungua kweli.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta na alkoholi lakini si katika maji, na kwa kuwa laga, yaani bia iliyochachushwa taratibu kwenye ubaridi, huwa na alkoholi ya asilimia 4 hadi 6 tu, sehemu yake kubwa ikiwa maji, haiwezi kuusafisha mdomo kama inavyodhaniwa. Zaidi ya hayo, alkoholi huchochea kipokezi kilekile, gesi hugeuka asidi inayochoma ulimi, na uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia harufu na uchungu, huuzidisha ukali. Kinachotuliza ni ubaridi, japo kwa muda mfupi, pamoja na utamu wa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa.

Kwa kipimo hicho, laga za Tanzania, ambazo uchungu wake ni mdogo, zinafaa kuliko bia zenye hopsi nyingi. Kilimanjaro, yenye alkoholi ya asilimia 4.5, hupatana na mishkaki iliyopakwa pilipili, ilhali Safari, yenye asilimia 5.5, huhimili kitimoto chenye mafuta, na vilevile vindalu ya nguruwe, pishi la Wagoa lenye siki, kitunguu saumu na pilipili. Zote mbili ni za Tanzania Breweries, kampuni iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1933. Stauti, bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, huenda vizuri zaidi na nyama choma isiyo na pilipili nyingi.

Mhudumu wa baa huuliza, "Ya moto au ya baridi?", akimaanisha bia ambayo haikuwekwa kwenye friji au iliyopoozwa, na wapo wengi wanaopenda ya moto. Penye pilipili nyingi, hata hivyo, bia ya moto huwa imepoteza kitulizo chake kikuu, kwa hiyo ya baridi ndiyo ya kupendekezwa.

Migahawa mingi ya eneo hili, hasa inayomilikiwa na Waislamu, haiuzi pombe, na mgeni anapaswa kuiheshimu desturi hiyo. Huko juisi ya ukwaju huchangamsha mlo, na mtindi huutuliza ulimi kuliko bia yoyote, kwa sababu protini yake ya kasini huing'oa kapsaisini. Hata penye bia, basi, ni busara pilipili iletwe kando, mtindi uwepo mezani, na bia ichaguliwe kwa ladha yake, wala isitegemewe kuzima ukali.