Mabomba ya Kiyoyozi
MABOMBA YA KIYOYOZI ni mabomba ya shaba yapitishayo gesi ya ubaridi baina ya sehemu ya ndani na ya nje ya mashine. Fundi, awe wa Mbarara au wa Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, akiisha kupanua ncha za mabomba na kukaza nati kwa kadiri, hujaza naitrojeni kavu, abadani si oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka, kisha hupaka povu la sabuni kila kiungo, na litokapo povu ndipo panapovuja. Naitrojeni ikiisha kuachiliwa, hewa na unyevu hufyonzwa kwa pampu. Uangalifu huu ni faradhi, kwani gesi nyingi za ubaridi, zilizowekewa mipaka na Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya Itifaki ya Montreal, huzidisha joto la dunia.