Bonge la Desemba

Madrid ikigonga saa tatu asubuhi ya tarehe 22 Desemba, Highview ni saa tisa usiku. Mtaa huo wa kusini-mashariki mwa Louisville, Kentucky, unakuwa umelala fofofo, ukiacha nyumba mbili tatu ambazo mwenyewe yuko zamu ya usiku. Mtu akiniuliza njia ya mkato ya kujifunza Kihispania, namwambia avumilie baridi, aamke saa hiyo, afungue simu asikilize watoto wakiimba namba za bahati nasibu ya Krismasi ya Hispania.

Wanaimba wawiliwawili jukwaani, mmoja namba ya tiketi, mwenzake kiasi cha zawadi. Kuna matufe mawili makubwa ya waya yanayozungushwa. Tufe moja lina gololi za mbao 100,000, kuanzia 00000 hadi 99999, na dogo lina gololi 1,807, moja kwa kila zawadi. Zawadi 1,794 kati ya hizo ni zile ndogo, na kila moja huimbwa kwa sauti ileile: “mil euros”. Hakuna mwalimu atakayekurudishia neno mara 1,794 kwa asubuhi moja bila kukasirika.

Zawadi kubwa inaitwa El Gordo. Gordo ni mtu mnene, bonge. Sisi wenyewe husema “bonge la zawadi”, kwa hiyo neno hilo halihitaji kamusi. Zile ndogondogo kwa jumla huitwa “pedrea”, mvua ya mawe. Mhispania hasemi kwamba ameshinda. Husema “me ha tocado”, imenigusa. Sisi zali hutuangukia, wao huwagusa.

Kuimba huku kuna umri mrefu kuliko droo yenyewe. Mfalme Carlos III alianzisha bahati nasibu ya serikali mwaka 1763, na mwaka 1771 mtoto wa shule ya San Ildefonso ya Madrid akapewa kazi ya kutoa namba. Shule ilikuwa ya yatima, na watu waliamini kwamba mkono wa mtoto hauna hila. Wasichana walisubiri hadi 1984. Siku hizi wengi wa waimbaji hao ni watoto wa wahamiaji, jambo ambalo mzazi aliyetoka Uvira au Bujumbura akaleta watoto wake Kentucky hawezi kulipita hivihivi.

Droo ya Krismasi ilizaliwa vitani. Mwaka 1811 majeshi ya Napoleon yalikuwa yameizingira Cádiz, hazina imekauka, na kupandisha kodi kulikuwa hatari. Waziri mmoja, Ciriaco González Carvajal, alipendekeza bahati nasibu mpya ili serikali ipate fedha bila kumkamua mlipa kodi. Alikuwa amefanya kazi Meksiko, na huko mchezo wa namna hiyo ulikuwapo tangu karibu mwaka 1770. Yaani wazo liliondoka Amerika likavuka bahari kwenda Hispania, kinyume na tunavyozoea kusimuliwa. Tarehe 18 Desemba 1812 ikachezeshwa droo ya kwanza ya msimu wa Krismasi, na namba 03604 ikaondoka na zawadi kubwa. Haikukatika hata wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: mwaka 1938 zilichezeshwa droo mbili, moja Barcelona upande wa Jamhuri, nyingine Burgos upande wa Franco.

Tiketi nzima ni euro 200, ghali kwa mtu mmoja, kwa hiyo hukatwa vipande kumi vya euro 20, na kila kipande huitwa “décimo”. Ofisi, ukoo, hata wateja wa baa moja huchangiana namba moja. Ndiyo maana mwaka 2011 kijiji cha Sodeto, chenye watu kama 250, kiliamka tajiri karibu chote. Mgiriki mmoja mkazi wa hapo hakuwa na tiketi.

Sasa turudi kwenye sikio. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, zinazotamkwa kama zetu, na kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mwarabu alikaa Hispania tangu 711, na utawala wa mwisho wa Waislamu ukaanguka 1492, kwa hiyo tunakutana naye humo kila mara: “hasta” yao na “hata” yetu zina mzazi mmoja, “azúcar” ni sukari, na “azar”, yaani bahati, ilitoka kwa Mwarabu kama ilivyotoka “nasibu” yetu. Mreno naye alituachia meza na bendera. Mhispania anasema “mesa” na “bandera”.

Kwenye kuhesabu, Mkongo wa Louisville ana mtaji wa ziada. Wengi wao wakiongea Kiswahili huhesabu kwa Kifaransa, na Kifaransa cha Kongo kina “septante” na “nonante”, jirani kabisa wa “setenta” na “noventa”. Sisi wa “elfu” ndio tunaoadhibiwa. Namba ya El Gordo ya 2023 ilikuwa 88008. Mhispania anaimba “ochenta y ocho mil ocho”, imekwisha. Jaribu kwa Kiswahili: elfu themanini na nane na nane. Mwenye kusikia abaki akijiuliza ni elfu ngapi na ni nane ipi.

Muumini wa Columbus, Ohio, kwenye moja ya jamii kubwa za Wasomali nchini Marekani, ataniambia kamari ni haramu. Sibishani naye. Kusikiliza hakuna tiketi.

Kentucky nayo ina bahati nasibu yake. Wapiga kura waliiruhusu mwaka 1988, tiketi zikaanza kuuzwa Aprili 1989, na mapato yake husomesha wanafunzi vyuoni. Lakini hakuna anayeimba.

Wanaojua kuzipa namba uhai ni majirani. Louisville ina moja ya jamii kubwa za Wakuba nje ya Florida, na Mswahili hukutana nao ghalani, kwenye foleni ya duka na katika madarasa ya Kiingereza. Kuba ilianzishiwa bahati nasibu ya kifalme mwaka huohuo wa 1812. Mapinduzi ya 1959 yalipoifunga ile ya taifa, watu waliendelea na “bolita”, mchezo wa kificho ambao kila namba ina picha yake: 2 ni “mariposa”, kipepeo; 4 ni “gato”, paka; 5 ni “monja”, mtawa; 8 ni “muerto”, maiti; 9 ni “elefante”. Mzee wa Kikuba akiota tembo, asubuhi anataja tisa.

Na 1 ni “caballo”, farasi. Hiyo Louisville haina haja ya kufundishwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, kwenye mbio za Churchill Downs, jiji zima linaizungumza.